Siku Sinema ya Vita Ilipofika Kumsenga

Umeme ukikatika hapa Kasulu, jirani yangu Mzee Salehe wa duka la vitenge hangoji. Anavuta kamba ya jenereta lake, linakohoa na kunyamaza, analitukana kidogo kwa lafudhi ya kwao Tanga, anavuta tena mpaka linaitika. Moshi wake huingia moja kwa moja dukani kwangu na kuchanganyika na harufu ya magunia ya maharage. Hapo huniisha umri huu wa kuumwa magoti. Nakuwa binti mdogo nimekaa juu ya gunia katika ghala la kijiji cha Kumsenga, kule Kibondo, na mbele yangu pametundikwa shuka jeupe, na juu ya shuka hilo watu wako vitani.

Basi nisikilizeni, maana umeme ukikatika wateja hupungua, na mimi nikikosa wateja huongea.

Wakati huo nilikuwa naishi kwa Leokadia, dada yake baba. Sisi Waha shangazi tunamwita senge, na senge si mtu wa mchezo. Anaweza kukuchapa asubuhi, kukutetea mchana na kukutafutia mchumba jioni, na hakuna wa kumwuliza. Senge wangu alikuwa mjane. Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki hai, Filbert, kijana mfupi, mpana wa kifua, shingo yake imezama mabegani hata tukimtania kwamba Mungu alipomaliza kuumba kichwa alikibandika popote. Alikuwa mgambo. Vita na Uganda ilipozuka alipanda lori pamoja na vijana wengine mbele ya ofisi ya kata, wakaondoka wanaimba. Alimwacha mke, Anastazia, harusi yao bado inasimuliwa visimani.

Miezi ikapita. Habari za vita tulizipata kwenye redio ya mwalimu mkuu, nayo kila siku ilisema tunasonga mbele, ari ya vijana wetu iko juu. Haikusema Filbert anakula nini. Kijiji kilipoambiwa kichange chakula cha wanajeshi, Senge aliyachambua maharage yake punje kwa punje, akitupa kila lenye doa, kana kwamba kila punje itakwenda kuingia mdomoni mwa mwanawe.

Halafu, mvua zikiwa zimeshaanza, akapita mchukuzi mmoja wa tumbaku akitokea Kasulu. Akasema amesikia kwamba lile lori la vijana wa Kibondo liliangamia na wote waliokuwamo. Amesikia kwa nani, hakuna aliyeuliza. Habari mbaya haidaiwi shahidi.

Hapo ndipo anapoingia Mzee Zakaria, kaka wa marehemu mume wa Senge, mkubwa wa ukoo wao. Msimwelewe vibaya. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa utaratibu. Na utaratibu wa ukoo ule ulikuwa hivi: msiba ukitajwa, jembe haliingii ardhini hadi matanga yaanuliwe. Ukoo mzima ulikuwa umekaa na majembe ukutani, mvua inapita hivi hivi, mashamba ya jirani yamekwisha chipua. Njaa ilikuwa inatuchungulia. Mzee akaamua: Jumamosi tutazika mgomba mahali pa mwili, maana mwili hatunao. Tutanyoa nywele, tutakunywa pombe ya matanga, Jumatatu watu waingie shambani. Na Anastazia atarithiwa na Gabrieli, mtoto wa Mzee mwenyewe, mtu mzima aliyefiwa na mke, mwenye kikohozi kikavu na mawaidha mengi.

Kuzikiwa mgomba si jambo dogo kwetu. Mtu aliyezikiwa mgomba amekufa, basi. Hata akitokea kesho yake akiwa mzima wa afya, hana mke, hana shamba, hana mlango wa kuingilia. Watoto tuliogopa hata kucheza karibu na migomba wiki ile.

Senge alikataa. Alikaa kwenye mkeka wake akasema, "Mwanangu hajafa. Angekufa ningejua."

"Mama Filbert," Mzee Zakaria akamwambia kwa upole, "mvua haimngoji mtu."

"Nami siingojei mvua, Shemeji. Namngojea Filbert."

Lakini neno la mjane mbele ya ukoo mzima lina uzito gani? Mtama ulikwisha lowekwa, kimea kikachipua, kikaanikwa. Nilikuwa napita karibu na majamvi yale nasikia harufu tamu ya kimea, nami siifurahii, kwa sababu Anastazia alikuwa ameacha kula. Alikuwa ananisuka nywele kila Jumapili yule. Nilimpenda. Sikutaka aende kwa kikohozi.

Alhamisi ikaja gari la sinema la serikali.

Tulilisikia kabla ya kuliona, limekwama kwenye tope la mteremko, na wanaume wakashuka kulisukuma. Ndani mlikuwa na dereva na bwana mmoja wa rangi ya maji ya kunde, wa huko pwani, kavaa miwani myeusi hata kwenye mawingu, tukambatiza palepale Bwana Sinema. Kawaida sinema za gari huoneshwa uwanjani giza likiingia. Ila mvua ilikuwa haina mwiko siku zile, hivyo Katibu Kata akaamuru ghala la kijiji lifunguliwe. Madirisha yakazibwa kwa magunia na mablanketi, shuka likatundikwa kwenye boriti, jenereta likawekwa nje chini ya mabati. Mchana mweupe nje, ndani giza totoro, tumbaku na maharage vinanukia, na kijiji kizima kimejibana. Aliyefiwa haendi kwenye burudani, lakini Katibu Kata alisema hii si burudani, ni mapambano. Kwa hiyo hata ukoo wetu ukaja, tukakaa mbele, na sura zetu za msiba.

Sinema yenyewe ilikuwa juu ya maisha ya vijana wetu katika mstari wa mbele. Sauti nzito kama ya redio ilikuwa inaeleza kila kitu, hata tulichokiona wenyewe. Wanajeshi wanafua nguo mtoni, wanacheka. Wanajeshi wananyoana ndevu, wanacheka. Wanajeshi wanasafisha bunduki, wanacheka. Bibi mmoja nyuma yangu akauliza kama vita vyenyewe ni vichekesho kiasi hicho, mbona mwanawe alilia kwenda.

Kisha mwanajeshi mmoja akatugeukia, akatupungia mkono. Sasa, Muha ukimsalimu hakuachi hivi hivi. Ghala zima likainama kidogo, likapiga makofi ya salamu, yale ya polepole ya viganja vilivyokunjwa, likaitika, "Mwidiwe!" Tukangoja atujibu. Hakujibu, akaendelea na mambo yake. "Wakipewa viatu tu, basi, adabu kwisha," akasema yule bibi, na watu wakamuunga mkono.

Ikafika zamu ya chakula. Sufuria kubwa linafuka, wali unapakuliwa, nyama minofu mikubwa. Ghala likaguna. "Maharage yetu yako wapi?" akauliza mtu mmoja gizani, na hilo lilikuwa swali la maana, kwa sababu tulichanga magunia na hakuna punje tuliyoiona kwenye shuka. Sauti nzito ikasema wapiganaji wanakula vizuri na kwa furaha. Wakawa wanapita kwa foleni, kila mmoja anapokea sahani yake na kwenda.

Halafu akaja mmoja ambaye hakupokea kama wenzake. Alikuwa ametupa mgongo, tunaona kisogo na shavu kidogo. Alipofika mbele ya yule mpishi mwenye mvi, akaibana bunduki yake kwapani, akakunja magoti kidogo, akapiga makofi mara chache, ndipo akapokea sahani kwa mikono miwili.

Ghala zima likainua vichwa. Huyo hakuhitaji kutajiwa kabila. Kupiga makofi mbele ya mtu mzima anayekupa chakula, unafunzwa kabla hujajua kufunga kifungo. "Muha huyo," wakanong'onezana. "Mwana wetu huyo."

Na Senge akasimama. Mwanga wa mashine ukampiga mgongoni, kivuli chake kikaenda kukaa juu ya shuka katikati ya wanajeshi.

"Ni Filbert," akasema. "Ni mwanangu. Baba, irudishe."

Bwana Sinema akasema mashine hairudishwi, Mama, ina utaratibu wake. Senge akamjibu kwamba huko kwao pwani labda mama hamtambui mtoto wake, lakini hapa hatoki ghalani hadi airudishe. Watu wakaanza kupiga magunia kwa ngumi. Bwana Sinema akavua miwani yake, akafuta jasho, akairudisha. Wanajeshi wakala kinyumenyume, nyama zikatoka midomoni zikarudi sufuriani, kitu ambacho siku nyingine tungekicheka wiki nzima. Hakuna aliyecheka. Yule kijana akarudi mbele ya mpishi, akakunja magoti, akapiga makofi.

Mimi nilikuwa nimekaza macho. Niliona shingo ndefu, nyembamba, inachomoza kwenye kola. Nikasema moyoni, vita vimemkondesha Filbert hadi shingo imetoka.

Mzee Zakaria akainuka taratibu akaenda karibu kabisa na shuka, picha ikamwangukia usoni. Akakitazama kisogo kile hadi kikapita. Kisha akageuka.

"Mama Filbert. Una hakika?"

"Shemeji, mgongo ule niliukanda mimi kwa maji ya moto. Nani hapa anaujua kunizidi?"

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mzee akamtafuta Anastazia kwa macho. "Nawe, mwanangu, wewe ni mkewe. Unasemaje?"

Anastazia alikuwa ameshika ukingo wa kitenge changu. Akasema kwa sauti ndogo, lakini kila mtu alisikia, "Ni mume wangu, Baba."

Nilimwona Gabrieli akifungua mdomo. Kikohozi kikamwahi, na baba yake akawahi kabla hakijaisha.

"Basi hakuna mgomba," akasema Mzee Zakaria. "Mtu huyu yuko hai, tumemwona wote anakula. Na kesho kila mtu na jembe lake."

Sijui kama mmewahi kusikia ghala zima la watu likivuta pumzi kwa pamoja. Wanawake walipiga vigelegele hadi Katibu Kata akadhani ni kwa ajili ya ushindi wa jeshi, akapanda juu ya gunia akatoa hotuba. Tukamwachia. Sehemu iliyobaki ya sinema, mizinga, madaraja, watu wa Uganda wanapunga matawi, sidhani kama yupo aliyeiona. Anastazia alikuwa analia na kucheka, na jioni ile alikula ugali mbele yangu, tonge baada ya tonge, hadi Senge akamwambia aache nafasi ya maji.

Kimea kilikuwa tayari, na kimea hakitupwi. Pombe ikapikwa vilevile, ila Jumamosi tuliinywa kwa furaha, hata sisi watoto tukaonjeshwa povu. Mashamba yakalimwa kwa kuchelewa lakini yakalimwa, na maharage ya mwaka ule, ingawa hayakuwa mengi, yalitufikisha.

Vita ilipokwisha walianza kurudi, mmoja mmoja. Wengine hawakurudi, na nyumba zao zilipita kwenye msiba wa kweli. Sisi tulingoja hadi tukaanza kuepa kutazamana. Anastazia alikuwa anaenda barabarani kila lori lilipopiga honi, na kila mara alirudi na kuni kidogo kichwani ili ionekane alikwenda kuni.

Siku Filbert aliporudi hakupiga honi mtu. Alitokea kwenye njia ya kisimani, anachechemea, amekonda, na shingo yake, nilishangaa, imezama mabegani vilevile kama zamani. Senge alikuwa anapepeta. Ungo ulimtoka, maharage yakatawanyika uwanja mzima, na kuku wakajipatia sikukuu yao.

Kijiji kikajaa kwetu. Walipokwisha kumsalimu na kumlilia, wakamtaka atusimulie ile nyama. Filbert akauliza nyama gani. Ile ya kwenye sinema, wakamwambia, ulipopiga makofi mbele ya mpishi mwenye mvi. Akatutazama mmoja mmoja. Akasema yeye hajawahi kupigwa picha, wala hajamwona mpiga picha hata mmoja. Walikuwa wanatembea kwenye mvua na wakipata mahindi mabichi wanamshukuru Mungu. Kuhusu lile lori, kweli liliangamia, lakini yeye alikuwa amekwisha hamishiwa kikosi kingine. Mpishi mwenye mvi hakuwahi kumjua.

Macho yote yakamgeukia Senge. Yeye alikuwa anapakua.

"Basi nilifananisha," akasema. "Macho ya uzee. Nani hajapata mchuzi?"

Watu wakacheka, na habari ikaishia hapo. Nami nikacheka. Nikasema moyoni, kumbe hata mama anaweza kukosea, na kwa miaka mingi niliisimulia hivyo, kisa cha Senge wangu aliyechanganya watoto. Nilikisimulia hata kwa mume wangu tulipokuwa wachumba, ili ajue kwamba kwetu tuna vichekesho.

Nilikwisha kuwa mama wa watoto wakubwa nilipokwenda kumuuguza Senge huko Kumsenga. Anastazia, bibi sasa mwenye wajukuu, alikuwa anachemsha uji. Mvua ilikuwa inanyesha, nikakikumbusha kile kisa ili Senge acheke kidogo. Hakucheka.

"Yasinta," akaniambia, "wewe ulidhani sikuona ile shingo?"

Nikamsogelea kitandani.

"Niliiona tangu mwanzo. Mwanangu mimi nimjue, nisimjue? Hakufanana naye hata ukucha. Lakini watu walisema mwana wetu huyo, nami nikasema, ndiyo, mwana wetu, sasa nani atanikatalia? Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi wanazika mgomba. Ningepata wapi kitu kingine?"

Nikamgeukia Anastazia. Alikuwa anakoroga uji, hakuinua kichwa. "Miye nilikuwa nimelala na Filbert mwaka mzima," akasema. "Unataka nimsahau kisogo?"

"Na Mzee Zakaria? Alikwenda hadi kwenye shuka!"

Hapo Senge ndipo alipocheka, hadi kikohozi kikamshika. "Zakaria ndiye aliyekuwa anamnyoa Filbert tangu utotoni, na wembe wake mwenyewe. Kichwa kile alikijua kila bonde. Alikuwa anatafuta mahali pa kutokea, maskini, kama mimi. Neno lake alikwisha lisema mbele ya watu, angelirudishaje? Nikampa mlango, akapita. Hatukuzungumza habari hiyo hadi nilipomzika."

Nimelifikiria sana ghala lile tangu siku hiyo. Serikali ilituletea picha zile ili tuone vitani ni kuzuri, na minofu ile, leo naamini, ilipikwa kwa ajili ya kamera. Nilidhani sisi wanakijiji ndio tuliodanganywa. Kumbe watu wazima waliokuwa mbele pale hawakuamini hata wali. Waliketi mbele ya uongo ule mzuri, wakauchungulia, wakachomoa kipande kimoja tu walichokihitaji, wakakitumia kumpa mtu nafasi ya kurudi nyumbani. Ndani ya ukoo wetu, aliyeiamini sinema ile ni mimi. Labda na Gabrieli.

Lakini Senge alikuwa na neno jingine, na hilo alilisema polepole, ameshika mkono wangu.

"Nilimwazima mtoto wa mwenzangu, Yasinta. Yule kijana alikuwa na mama yake mahali, na gari la sinema labda halikufika kwao. Mimi wangu alirudi. Wake sijui. Namwombea kila siku na hata kwa jina simjui, namwambia Mungu, yule mwenye shingo."

Alifariki kabla ya mavuno ya mwaka ule, na tulimzika karibu na mumewe.

Kazi yangu ya maharage inanitembeza. Naenda Munanila, naenda Kasanda, nakaa minadani toka asubuhi, na wazee wa umri wa yule kijana wa kwenye sinema wananiletea magunia yao. Watu husema Mama Yasinta anajua kubembeleza bei, anamtazama mtu sana kabla ya kutaja. Mimi natazama shingo. Sijampata bado, lakini nchi hii si kubwa kiasi hicho, na adabu ya mtu haizeeki. Siku nikimpata, bei atakayotaja nitampa bila kubishana, kisha nitakunja haya magoti yangu mabovu, nitampigia makofi, nimwambie kwamba kuna bibi mmoja Kibondo ana wajukuu kwa sababu yake.